Jinsi ya kufuatilia matumizi ya kila siku na kupanga bajeti ya nyumbani, kuanzia sifuri

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nitumie daftari au simu? Lazima niandike kila kitu, hata vitu vidogo? Mbona nimeshaanza mara kadhaa na kila mara nikaishia wiki ya pili? Mwongozo huu unajibu hayo kwa mpangilio, hatua moja baada ya nyingine, ili uanze leo na usikwame njiani.

Jambo moja ulijue mapema: bajeti haiji kwanza. Watu wengi hukaa chini jioni moja, wakagawa mshahara wote kwenye karatasi, kisha mwezi ukiisha wanakuta karatasi inasema hivi na mfuko unasema vile. Sababu ni kwamba waligawa kwa kukisia. Anza na rekodi ya yale yanayotokea kweli, na rekodi hiyo uilinganishe kila wiki na fedha zilizopo mkononi. Ukishapata mwezi mmoja wa rekodi ya namna hiyo, bajeti utaiandika kwa muda mfupi na itakuwa ya kweli.

Utakachohitaji

- Daftari moja la mistari na kalamu, au lahajedwali (programu ya majedwali ya hesabu, kama Excel) kwenye simu au kompyuta. Chagua kimoja. Kama huna uhakika, chukua daftari.
- Mahali pamoja pa kuweka risiti: bahasha inatosha.
- Uwezo wa kuona salio la kila mahali unapoweka fedha: benki, akaunti ya simu, kadi, na fedha taslimu.
- Dakika mbili au tatu kila siku, na nusu saa siku moja ya wiki. Ichague siku hiyo sasa hivi na usiibadilishe.
- Kama mnaishi pamoja na mnachangia matumizi, ridhaa ya mwenzako. Usianze kumwandikia mtu matumizi yake bila yeye kujua. Huo ni mwanzo wa ugomvi, na daftari litazikwa humo.

Programu za simu za kuandika matumizi zipo nyingi na baadhi ni nzuri. Ila kwa mwezi wa kwanza ninashauri uandike kwa mkono wako, kwa sababu programu inayojisomea jumbe za benki inakupa takwimu bila wewe kuiona fedha ikitoka. Kuandika kwenyewe ndiko kunakokufanya ujue.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho leo

Usisubiri tarehe mosi. Chukua ukurasa mpya, andika tarehe ya leo, kisha orodhesha kila mfuko na kilichomo. Nitatumia namba tupu kama mfano, wewe weka sarafu yako:

Taslimu: 140
Akaunti ya simu: 260
Benki: 1,200
Jumla: 1,600

Hilo ndilo salio la mwanzo. Daftari lisilo na salio la mwanzo ni orodha ya manunuzi tu. Halitakuambia kamwe kama umesahau kitu, kwa kuwa halina cha kulinganisha nacho. Nikiangalia madaftari yaliyoachwa njiani, kasoro ninayoikuta mara nyingi zaidi ni hii.

Hatua ya 2: Chagua makundi machache

Makundi saba hadi kumi yanatosha nyumba nyingi: Makazi, Chakula, Usafiri, Umeme na maji, Simu na intaneti, Afya, Elimu, Madeni, Matumizi binafsi, na moja liitwe Haijulikani. Hilo la mwisho litakuwa na kazi yake hivi punde.

Kishawishi cha anayeanza ni kutengeneza makundi thelathini: sabuni peke yake, vitafunio peke yake, zawadi peke yake. Matokeo yake, kila ukitaka kuandika unasimama kuwaza kitu kiende wapi, na mwisho unaacha. Nchini Japani, mwanahabari Hani Motoko alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904. Mtindo huo wa kakeibo, kama unavyofundishwa leo, hutumia makundi manne tu: mahitaji, matakwa, utamaduni na yasiyotarajiwa. Kama kumi yanakuchosha, manne yanafanya kazi.

Kipimo cha kuamua ni rahisi. Kundi linastahili kuwepo kama ukiona jumla yake kubwa kuna kitu utakibadilisha. Kama hutabadilisha chochote, liunganishe na jingine.

Hatua ya 3: Andika papo hapo

Kila mstari uwe na mambo matano: tarehe, maelezo mafupi, kundi, mfuko uliotumika, na kiasi. Kiasi kiende kwenye safu ya Imeingia au Imetoka. Mfano:

Tarehe 3, nauli, Usafiri, taslimu, imetoka 6
Tarehe 3, mahitaji ya jikoni, Chakula, simu, imetoka 42
Tarehe 3, makato ya kutuma, Simu na intaneti, simu, imetoka 1

Andika pale pale unapolipa, au kabla ya kulala siku hiyo hiyo. Ukisema utaandika kesho, vile vidogo vitapotea, na vidogo ndivyo vingi. Kama daftari haliko karibu, jitumie ujumbe mfupi wenye kiasi na neno moja, uuhamishie daftarini usiku. Vitu vingi ulivyonunua pamoja viandike mstari mmoja kwa jumla ya risiti. Usivunje risiti kitu kimoja kimoja, isipokuwa imechanganya makundi mawili yenye fedha nyingi.

Hapa kuna makosa manne yanayoharibu hesabu, na nakuomba uyasome polepole.

Kuhamisha fedha si matumizi. Ukitoa 100 benki ukaziweka mfukoni, hujatumia kitu. Andika neno Uhamisho: benki imetoka 100, taslimu imeingia 100. Matumizi hapo ni makato peke yake. Asiyelijua hili huandika 100 wakati wa kutoa, kisha akaandika tena kila anachonunua kwa fedha hizo, na mwezi ukiisha anaweza kuonekana ametumia mara mbili ya kipato chake.

Mkopo si kipato. Fedha ya mkopo ikiingia iandike kwenye kundi la Madeni, safu ya Imeingia, na usiijumlishe na mshahara. Fedha uliyomkopesha mtu iandike hivyo hivyo kwenye Madeni, safu ya Imetoka, na nyuma ya daftari uwe na ukurasa wa nani anadaiwa nini.

Ukinunua kwa kadi ya mkopo, andika siku ya kununua. Ifanye kadi kuwa mfuko wenye salio hasi. Siku ya kulipa bili ya kadi, huo ni uhamisho kutoka benki kwenda kwenye kadi. Riba na ada tu ndizo matumizi mapya.

Fedha ya biashara isiingie humu. Kama una kibanda, duka au kazi ya kujiajiri, fungua daftari lake. Kitakachoingia kwenye daftari la nyumbani ni kile ulichojilipa, kwa kiasi na tarehe ulizojipangia. Ukichanganya, hutajua kama biashara inailisha nyumba au nyumba inaila biashara.

Hatua ya 4: Funga hesabu kila wiki

Nikiulizwa nichague hatua moja tu ya kubaki nayo, ni hii. Siku uliyoichagua, fanya yafuatayo kwa mpangilio huu.

1. Jumlisha safu ya Imeingia ya wiki nzima, kisha ya Imetoka. Mistari ya Uhamisho iache nje, haiongezi wala haipunguzi jumla.
2. Chukua salio la mwanzo, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotoka. Hilo ni salio linalotarajiwa.
3. Sasa hesabu fedha halisi: toa noti na sarafu zote mezani, angalia salio la simu, angalia la benki na la kadi ya mkopo kama unayo (hilo ni hasi). Jumlisha.
4. Linganisha.

Tuseme wiki ilianza na 1,600, ikaingia 300, ikatoka 415. Salio linalotarajiwa ni 1,485. Umehesabu umekuta 1,458. Zimepungua 27. Usikasirike na usimtuhumu mtu. Pitia risiti na jumbe za miamala kwa dakika kumi. Ukipata kosa, lirekebishe. Usipopata, andika mstari mmoja, "Haijulikani, imetoka 27", kisha anza wiki mpya na salio halisi la 1,458.

Kuna watu watakaokuambia uwinde hadi senti ya mwisho. Kwa kampuni, ndiyo. Kwa nyumba, sikubaliani nao: mtu aliyekesha akitafuta 27 leo hatalifungua daftari wiki ijayo. Kinachohitaji kuangaliwa ni mwelekeo. Kama kundi la Haijulikani linazidi asilimia tano ya matumizi ya mwezi, tatizo ni namna unavyoandika, na mara nyingi ni fedha taslimu. Kama linapungua wiki hadi wiki, uko sawa.

Angalizo: usiligeuze salio halisi lifanane na la daftari. Daftari ndilo linalofuata fedha.

Hatua ya 5: Jumlisha mwezi

Baada ya wiki nne au mwezi mzima, toa jumla ya kila kundi. Kwa daftari la karatasi, tumia ukurasa mmoja wenye safu moja kwa kila kundi. Kwa lahajedwali, kama kundi liko safu ya C na fedha zilizotoka ziko safu ya F, fomula hii inatosha:

=SUMIF(C:C,"Chakula",F:F)

Kwenye mipangilio ya lugha fulani, alama ya kutenganisha ni nukta mkato (;) badala ya mkato (,). Fomula ikikataa, badilisha hiyo kwanza.

Soma namba hizo bila kuamua chochote siku hiyo. Zungushia makundi mawili yaliyokushangaza, basi.

Hatua ya 6: Tafuta gharama zisizokuja kila mwezi

Mwezi mmoja wa rekodi unaficha mengi: bima, ada za shule, usajili wa mwaka, matengenezo, sikukuu, safari, nguo. Hizi ndizo zinazoangusha bajeti, na watu huziita dharura ingawa tarehe zake zinajulikana. Pitia miezi kumi na miwili iliyopita kwenye taarifa za benki na jumbe za simu, uziorodheshe na mwezi wa kila moja.

Gharama ya 360 kwa mwaka inaonekana kuhitaji 30 kwa mwezi. Hiyo ni kweli kwa aliyeanza kuweka mara tu baada ya kulipa. Kama inakuja baada ya miezi mitano kuanzia leo, mwaka huu unahitaji 72 kwa mwezi, kisha utashuka hadi 30. Gawanya kwa miezi iliyobaki, si kwa kumi na miwili. Fedha hizi zikae mfuko wake, tofauti na akiba ya dharura ya kweli.

Hatua ya 7: Panga bajeti

Sasa unaweza. Andika kipato cha uhakika cha mwezi, kisha ukigawe chote mpaka kibaki sifuri. Akiba nayo ni mgawo, usiiache iwe kitakachosalia. Mfano wa kipato cha 1,000 kwa nyumba isiyo na gharama za elimu za kila mwezi:

Makazi 280
Chakula 300
Usafiri 110
Umeme na maji 60
Simu na intaneti 40
Afya 30
Madeni 60
Matumizi binafsi 60
Mfuko wa gharama za mwaka 40
Akiba 20

Kila namba itoke kwenye rekodi yako. Kama mwezi uliopita chakula kilikuwa 340, usiandike 220 kwa sababu ungependa iwe hivyo. Andika 320, uone kama inawezekana, mwezi ujao ushushe tena.

Utasikia habari za kanuni ya 50/30/20: asilimia 50 ya kipato kwa mahitaji, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba na kulipa madeni. Itumie kujipima ukipenda, usiifanye sheria. Mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha tangu mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo, ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho. Mwenye kipato kidogo akishindwa kuifikia 50 si mzembe. Kuweka 2 katika kila 100 bila kukosa ni kazi ya maana.

Kwenye madeni, lipa kiwango cha chini kwa yote, na cha ziada kielekeze kwenye deni lenye riba kubwa. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi husikika ndogo, lakini ikilimbikizwa mwaka mzima inafika karibu asilimia 27.

Hatua ya 8: Geuza mwezi kuwa wiki

Chakula, usafiri na matumizi binafsi huwezi kuyadhibiti kwa mwezi, kwa sababu wiki ya kwanza fedha zinaonekana tele. Yapange kwa wiki. Hapa kuna mtego: wengi hugawanya kwa nne. Mwaka una wiki 52, na 52 ukigawa kwa 12 unapata takriban 4.33. Chakula cha 300 kwa mwezi ni kama 69 kwa wiki. Ukijipa 75, kwa mwaka utatumia 3,900 badala ya 3,600. Umeongeza mwezi mzima wa chakula bila kuuona.

Hatua ya 9: Kubalianeni nyumbani

Kaeni pamoja mara moja kwa mwezi, muda mfupi, si siku ya ugomvi wala usiku mkiwa mmechoka. Aliyeandika asome jumla za makundi, si mstari mmoja mmoja. Amueni mambo mawili au matatu, myaandike.

Na kila mtu mzima awe na kiasi chake cha mfukoni kisichoulizwa, hata kiwe kidogo. Daftarini kinaandikwa mara moja tu, siku kinapotolewa. Nalisisitiza hili kwa moyo wote: mtu anayelazimika kueleza kila soda aliyokunywa ataanza kuficha, na akianza kuficha rekodi yote imekufa. Watoto wakubwa waingizwe kwenye sehemu ya mazungumzo. Wanaelewa zaidi ya tunavyodhani, na wakijua kikomo wanasaidia kukilinda.

Mambo yakienda kombo

Hesabu hailingani na sijui kosa liko wapi. Angalia tofauti yenyewe. Kama inagawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu: ile 27 ya mfano wetu hutokea mtu akiandika 58 badala ya 85. Kama inagawanyika kwa 2, tafuta kiasi ambacho ni nusu yake, huenda kimeandikwa Imeingia badala ya Imetoka. Kama inalingana kabisa na muamala mmoja, umeusahau au umeuandika mara mbili.

Lahajedwali linatoa jumla ndogo kuliko inavyostahili. Kuna seli zenye namba zilizosomwa kama maandishi. Kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa seli ilhali namba hukaa kulia. Sababu yake ni nafasi au jina la sarafu lililoandikwa pamoja na namba. Futa, andika namba tupu. Kagua pia majina ya makundi: "Chakula" na "Vyakula" kwa fomula ni vitu viwili.

Nimeruka siku kadhaa. Usijaribu kukumbuka. Hesabu salio la leo, tofauti yote iingize Haijulikani kwa mstari mmoja, endelea kuanzia hapo. Mwezi wenye pengo bado una faida.

Kipato changu hakitabiriki. Tafuta mapato ya miezi sita iliyopita, panga bajeti kwa mwezi mdogo kuliko yote. Mwezi mzuri ukija, ziada iende kwenye mfuko wa kusawazisha, ujilipe kutoka humo mwezi mbaya. Usipandishe bajeti kwa sababu ya mwezi mmoja mzuri.

Mwenzangu hataki kuandika. Mwombe kitu kidogo zaidi: jumla moja kwa wiki ya alichotumia kwa ajili ya nyumba. Inatosha kufunga hesabu. Wengi hujiunga wenyewe baada ya kuona jumla ya kwanza ya mwezi.

Kundi moja linavuka kikomo kila mwezi. Likivuka mara tatu mfululizo, kikomo ndicho kibaya. Kipandishe, na uamue wazi ni kundi gani litapungua ili kulifidia.

Kila mwezi matumizi yanazidi kipato. Anza na malipo yanayojirudia yenyewe: usajili usioutumia, vifurushi vikubwa kuliko mahitaji, makato ya kuhamisha fedha ndogo ndogo mara nyingi. Hayo ukiyakata leo, yanapungua kila mwezi bila kujinyima upya. Kisha angalia makundi mawili makubwa, kwa kawaida makazi na chakula, kwa kuwa asilimia 10 ya kundi kubwa inaweza kuzidi nusu ya kundi dogo. Kama baada ya hapo mahitaji ya lazima peke yake bado yanazidi kinachoingia, kubana zaidi hakutasaidia. Peleka jumla zako za mwezi kwa anayekudai, muombe ratiba mpya ya malipo kabla hujachelewa kulipa, na nguvu iliyobaki ielekeze kwenye kuongeza kipato.